Diski Isiyo na Maneno

Mwezi uliopita tulimzika Papa Yona. Siku ya kumaliza matanga, saa nane mchana, sahani za wali zikiwa bado zinapita chini ya turubai, Mzee Rubeni aliinama kwenye sikio langu akaniomba nipige gitaa. Aliomba kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. "Faida, mutoto yangu, tupigie zile za Papa. Zile za diski." Nilikuwa nimeshika kipande cha nyama, nikakirudisha kwenye sahani. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa nimengoja mtu mmoja tu wa kanisa letu alitamke neno hilo, diski, mbele ya wengine, na wa kwanza kulitamka amekuwa yeye, katibu wa kanisa, yule yule aliyeandika barua ya kuamuru ichomwe. Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtu wa kucheka. Nacheka sokoni, nacheka kwenye foleni ya maji, hata msibani watu hunikalisha karibu na wafiwa ili niwapunguzie machozi. Siku ile sikuweza. Nilimwambia Mzee angoje nimalize kula, naye akasema hakuna shida, akarudi kwenye kiti chake, akaweka mguu juu ya mguu. Alikuwa ametulia kabisa. Ni utulivu ule ulionifanya niandike haya.

Mwaka wa barua ile nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule nilikuwa nimeiacha mwaka wa tatu wa sekondari. Hesabu zilinichosha, na walimu nao walikuwa wamechoka na mimi. Ndoto sikukosa. Leo nilikuwa mtangazaji wa redio, kesho nilikuwa nimevuka ziwa kwenda kushona nguo za maharusi Kigoma, keshokutwa nilikuwa mbele ya umati na gitaa kifuani. Mama alinisikiliza huku akichambua maharage, akitupa mawe upande mmoja, halafu akasema sawa, lakini kwanza nikoroge bugali. Tulikaa katika parsele moja, ua wa kupanga, pale Kasenga mjini Uvira, vyumba vitano vikitazamana na bomba moja, na ukuta wetu ulikuwa pia ukuta wa Papa Yona. Haukufika kwenye mabati. Fundi aliacha nafasi ya viganja viwili ili hewa ipite, na pamoja na hewa vikapita moshi, harufu ya mikeke, samaki wa ziwa, wanaochomwa, kikohozi, sala na maneno. Tulijua Papa Yona amekula nini, naye alijua tunagombania nini. Hakuna aliyeona vibaya, kwa sababu kulikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika: lililopita juu ya ukuta, hukulisikia, mpaka mwenyewe aje kukuambia mlangoni. Ukisikia jirani analia, unangoja atoke, unamsalimu kama kawaida, unamuuliza habari za usiku. Nilikuzwa hivyo na niliamini kwamba hiyo ni heshima.

Papa Yona alikuwa shemasi, mtu mrefu aliyefiwa na mke zamani, fundi wa kubadilisha zipu na kushona viraka. Kucha za mkono wake wa kulia zilikuwa ndefu, na watu walipouliza alisema zinamsaidia kuchomoa nyuzi. Kila Jumamosi alasiri alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha suti ya Jumapili, na wakati wa kunyoosha aliweka diski. Ilikuwa moja tu. Aliipiga kwenye pikapu, ile mashine ya zamani yenye mkono na sindano, iliyofunikwa kitambaa alichodarizi mkewe, na diski yenyewe haikuwa na bahasha yake ya picha. Aliihifadhi ndani ya karatasi ya mfuko wa simenti aliyoishona kwa cherehani, pembe nne safi kabisa. Ilikuwa ya gitaa tupu. Nyuma yake kulikuwa na besi kubwa ya kusimama, na mtu aliyepiga ngoma kwa fagio za waya, taratibu, kama mama anayefagia ua alfajiri bila kutaka kuamsha watoto. Hakuna aliyeimba. Gitaa lilichukua wimbo ambao ungedhani umeuzoea, likauacha usimame mlangoni kwanza, likazunguka nyuma ya nyumba, likaingia kupitia dirishani, na wewe uliyekuwa unangoja mlangoni ukajikuta unacheka peke yako. Nyimbo kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule.

Mimi nilidhani ni muziki wa kanisa, na nilikuwa na sababu. Mchungaji wetu wa kwanza, aliyekwisha kufariki wakati huo, alichukia kelele za watu wanaoingia ibadani. Aliomba upatikane muziki usio na maneno, maana alisema mtu akisikia maneno anaimba, na akiimba kabla ya sala anachoka kabla ya sala. Papa Yona akaleta kaseti aliyoinakili kutoka kwenye diski. Kaseti ilipochakaa, kijana mmoja wa vyombo akaiingiza kwenye kle, ile flashi ndogo, na kwa miaka kumi na moja kila Jumapili asubuhi tuliingia kanisani na kukaa kwa gitaa lile. Kwaya ilizipenda hizo nyimbo mpaka ikazitungia maneno ya zaburi, nne kati yake. Mimi mwenyewe nilikuwa sauti ya pili. Kulikuwa na moja tuliyoiimba "Kwako nitapumzika," na kila mara nilitokwa na machozi.

Jumamosi moja nilivunja sheria ya ukuta. Sindano ilipita mahali fulani katika wimbo wa tatu, mahali ambapo gitaa linashuka ngazi moja na kusita, na kinywa changu kikasema chenyewe, "Papa, tafadhali, rudisha hapo." Mama aliacha kukoroga chungu. Nikajuta papo hapo. Halafu sindano ikarudi. Kesho yake baada ya ibada aliniita mlangoni kwake, akatazama mkono wangu wa kushoto, akaniambia nikate kucha za upande huo tu.

Alinifundisha gitaa kwa njia ambayo sijaiona kwa mwingine. Kabla ya kupiga, nilijaza maji mdomoni, nisimeze, nisiteme, mpaka wimbo uishe. Alisema mtu anayeimba chinichini anadanganya vidole. Vidole vinaona kinywa kinafanya kazi, navyo vinalala. Mwanzoni nilimeza. Nilimeza na kukohoa na kucheka na kumwagia gitaa maji, na yeye akalifuta kwa pindo la suruali za wateja. "Weye utamaliza ndoo, na bomba inafunga saa kumi," alisema. Baada ya wiki tatu nikaweza. Ndipo nikaanza kusikia mahali ambapo mwimbaji angevuta pumzi, na kuacha nafasi hapo, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine akae. Tulikuwa tunakula pamoja baada ya somo, bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa nyanya, mama akipitisha sahani. Siku moja alipiga sambamba na diski, na sikuweza kutenganisha gitaa la chumbani na gitaa la diskini. Tulipokaa kula nikamuuliza alijifunza wapi kuiga vizuri namna ile. Akasema haigi. Akaendelea kula. Nilikaa na tonge mkononi kwa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba aliyepiga kwenye diski ni yeye.

Aliyenieleza yaliyobaki ni Mama Zaituni, muuza vitenge sokoni, Mwislamu wa familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwa, mwanamke mwenye kicheko kikubwa kuliko kibanda chake. Nilikuwa nachagua kitambaa cha sare ya kwaya huku naimba chinichini ule wimbo wa "Kwako nitapumzika." Aliweka mkasi chini. Akaniuliza nani amenifundisha kuuza godoro. Nikasema sielewi. Basi akauimba wote, pale katikati ya vitenge, akizungusha mabega: mwanamume ameuza godoro la nyumbani akanunua viatu vya kuchezea dansi, na mkewe anamwambia usiku huu ulale ndani ya viatu vyako. Nyimbo zote kumi na mbili, alisema, zilikuwa zile ambazo kila mtu alizijua kandokando ya ziwa walipokuwa vijana, Uvira, Bujumbura, mpaka Kalemie. Hazikuwa za Yona. Kila orkestra ilizipiga. Ila Yona alikuwa amejifunza akodi za jazi, ile mishiko ya nyuzi kadhaa kwa pamoja, kutoka kwenye diski za Mgiriki mmoja aliyekuwa na duka la chumvi, akaamua kuzipiga nyimbo za kwao kwa akodi zile, bila mwimbaji, na watu wakacheka, wakamuuliza kama mwimbaji amekufa. Kisha wakaisikia hiyo diski na hawakucheka tena. "Walicheza wote," Mama Zaituni alisema. "Wale wazee yako wa kanisa, wote. Rubeni alikuwa na viatu vyeupe. Uliza."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Papa Yona alikuwa anatia uzi kwenye sindano, na aliposikia neno godoro hakuinua kichwa mpaka uzi ulipoingia. Kisha akaniambia jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Nilipookoka nilitubia maneno, maana mengine yalikuwa mabaya. Lakini hii mikono nitubie nini? Nikasema, ngoja na yenyewe iende kanisani." Hakuniambia nifiche. Hakuona haja. Kwetu, jambo la juu ya ukuta halihitaji kufungiwa kufuli. Na hapo ndipo nilipokosa mimi, kwa furaha yangu.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wageni walikuwa wametoka vijiji vya Runingu na Mutarule wakileta mchele na mihogo, kanisa lilinukia shamba, na ulipofika wakati wa ushuhuda nilisimama. Niliona ni habari nzuri kuliko zote nilizowahi kubeba. Nilisema kwamba Mungu ni wa ajabu, kwamba nyimbo tunazoingia nazo kila Jumapili zilikuwa za dansi na za baa, na kwamba aliyezipiga ni Papa Yona wetu, shemasi wetu, yule pale, na Mungu amezisafisha mpaka tunalia tukiziimba. Nilisema hata habari ya godoro. Nilitegemea vigelegele. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Papa Yona, kwenye benchi ya mashemasi, aliinua mkono kidogo kutoka kwenye goti, kama anayetaka kunikalisha kwa mbali, kisha akaushusha. Mchungaji mpya, aliyekuwa na miezi sita tu kwetu, kijana, mzaliwa wa mbali, alikuwa anaandika kitu kwenye daftari.

Barua ilikuja Alhamisi. Nilimsomea Papa Yona mimi mwenyewe kwa sababu miwani yake ilikuwa imepasuka kioo kimoja. Mwandiko wa Mzee Rubeni ulikuwa mzuri, herufi zimelala upande mmoja kama mpunga kwenye upepo. Ilisema kwamba ameingiza muziki wa dunia katika nyumba ya Bwana kwa hila. Ilisema anaondolewa ushemasi na anatengwa na meza ya Bwana kwa mwaka mmoja. Ilisema Jumapili inayofuata alete hiyo diski ichomwe mbele ya waumini, pamoja na vitu vingine vya dunia. Kwa hila. Nimesoma barua nyingi tangu hapo, na hakuna neno lililonichoma kama hilo. Mchungaji simlaumu sana. Yeye hakujua, na asiyejua akikasirika anakuwa na haki yake. Lakini wale waliokaa naye mezani, waliotikisa kichwa na kusema loo, kumbe? Kila mmoja wao aliyekuwa na mvi alizijua zile nyimbo kabla hajajua Baba Yetu. Miaka kumi na moja waliketi kwenye mabenchi na vidole vya miguu vikigonga sakafu. Niliviona. Nilikuwa mbele, kwenye kwaya, navitazama.

Nilikuwa na siku mbili. Mpango wangu ulikuwa mwepesi, wa kitoto: nimpate mzee mmoja tu, mmoja, asimame aseme "hata mimi nilijua." Nilifikiri hila inahitaji mtu mmoja anayejua na wengine wasiojua, wakijua wawili, barua inaanguka. Nilianza kwa Mama Debora, mkubwa wa akina mama, ambaye nilimpenda. Alinikalisha jikoni, akanipakulia sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese na mukeke mzima, akaniangalia nikila. Alisema tangu aokoke kichwa chake kimeoshwa, hakumbuki chochote cha nyuma. Aliyasema haya huku akikoroga chungu, na mwiko wake ulikuwa unakwenda kwa mapigo ya wimbo wa tatu. Sijui kama alijua. Nikamaliza samaki wake, na mpaka leo naona aibu kwamba nilimaliza.

Kwa Mzee Rubeni nilipewa Fanta kwenye sebule yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti. Nilimweleza. Akasema ukweli una wakati wake. Nikamuuliza wakati wake ni upi, akasema hilo linaonyesha mimi bado ni mtoto. Basi nikamuuliza kuhusu viatu vyeupe. Alitazama mlango wa chumbani, ambako mkewe alikuwa anakunja nguo, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti. "Nani amekuambia?" Kisha, kabla sijajibu, "Faida, weye iko na maisha mbele. Mambo ya wazee yaache kwa wazee." Nikasema mzee mwenyewe ndiye anayechomewa. Akainuka, akanifungulia mlango, akanishika bega kwa upole wote wa duniani, akaniombea baraka.

Niliporudi ilikuwa alasiri ya Jumamosi, na Papa Yona hakuweka diski. Kimya kile kilinifanya nipite nyuma ya vyumba, kwenye kamba za nguo, na huko mama alikuwa anafua na jirani yetu. Hawakuniona. Jirani alisema wanamwonea yule mzee. Mama akasema, "Ule wa godoro ndio tulicheza siku nilipokutana na baba yake Faida. Nilikuwa na gauni ya manjano." Nilisimama nyuma ya shuka lililolowa, na nakumbuka tone moja likiniingia kwenye kola. Mama yangu. Aliyekoroga bugali kila Jumamosi upande huu wa ukuta, kimya, na mimi nikidhani hasikilizi. Nilitoka nikamwambia asimame kesho. Hakukana. Alikamua nguo mpaka ikatoa tone la mwisho, akaniuliza kama najua ni nani atakuja kukaa kwenye matanga yake yeye, mjane, akitengwa; nani ataimba, nani atabeba, nani atapika. Kanisa ndilo linalotuzika, alisema. Mjane bila kanisa anabebwa na wapita njia. Nilikuwa na jibu la mtu wa miaka kumi na tisa, na nililitoa, na lilikuwa baya, na sitaliandika. Leo naelewa hofu yake. Kuelewa si kukubali. Ile sheria ya ukuta niliyodhani ni heshima, siku ile niliiona kwa mgongo wake: ilikuwa pia njia ya watu wengi kujua jambo moja na kumwachia mmoja alibebe.

Jumapili baada ya ibada tulitoka uani. Walikuwa wamekata pipa nusu, moto ndani yake tayari. Mtu alileta hirizi, mwingine chupa, msichana mmoja aliyelia alileta picha ya mchumba. Papa Yona alikuja mwisho, suti imenyooshwa, diski ndani ya karatasi yake ya simenti. Mchungaji, na hili nalikumbuka kwa heshima yake, alifanya jambo la haki: aligeukia watu akauliza kama kuna mwingine yeyote aliyejua nyimbo hizi ni za nini. Akangoja. Alingoja kweli. Nilimtazama Mama Debora, alikuwa anafunga vizuri kilemba. Nilimtazama Mzee Rubeni, alikuwa anafungua daftari kutafuta ukurasa. Nilimtazama mama yangu, naye alikuwa ananitazama mimi, macho yake yanasema tafadhali.

Sauti ilitoka kwenye geti. "Minye nilijua." Mama Zaituni alikuwa amesimama na mtandio wake, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Nilikuwa nimempitia asubuhi, nikalia kibandani kwake, sikumwomba aje. Mchungaji alimwambia kwa adabu kwamba yeye si wa kanisa hili. "Ndiyo, baba," akasema, "ndiyo sababu naweza kusema. Nilicheza nyimbo zote kumi na mbili, na sikucheza peke yangu. Huyu," akamnyooshea mama yangu kidole, "alikuwa na gauni ya manjano. Huyu Debora alikuwa anachoka haraka, tunampa maji. Na katibu yako alikuwa anacheza kupita sisi wote, muulize viatu viko wapi." Watu walitazama chini, wote kwa pamoja. Vijana wawili wa mapokezi walimwendea wakampa kiti, nje ya geti, na wakafunga geti polepole ili lisigonge. Mchungaji alimtazama katibu. Katibu akasema, "Tusiruhusu wa nje wavuruge kazi ya Bwana," na mchungaji, ambaye angeweza kuuliza tena, hakuuliza.

Papa Yona aliitoa diski kwenye karatasi, akaitumbukiza mwenyewe. Haikuwaka mara moja. Ilijikunja kama chapati kwenye kikaango, ikashuka katikati, halafu ikatoa moshi mweusi mzito uliogeuka na upepo wa ziwa na kuwafuata wanakwaya, nasi tukakohoa, sare nyeupe zikaingia masizi. Papa alikunja karatasi ya simenti mara nne akaitia mfukoni. Kijana wa vyombo alifuta kle mbele ya kamati. Kwa siku moja tu, kazi ya mikono ya mtu ilikuwa imekwisha duniani, kwa kadiri tulivyojua, na mimi ndiye niliyeitaja.

Nilimpelekea chakula akala chote. Nilijaribu kuomba msamaha nikashindwa kufika mwisho wa sentensi, akaniambia nijaze maji mdomoni, nilete gitaa, zimebaki nyimbo tano ambazo sijazijua. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake kwangu na zawadi yake. Miezi iliyobaki ya mwaka ule alinipa nyimbo zile moja moja, bila diski, akizitoa kichwani, akinirudisha mahali pa pumzi mpaka anyamaze, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa pongezi. Jumapili alikaa benchi ya nyuma kabisa, na sahani ya meza ya Bwana ilipopita aliinamisha kichwa ikampita. Baada ya mwaka walimrudishia meza. Ushemasi hawakumrudishia. Aliwasamehe wote, hata hakuonekana kufanya juhudi, na aliendelea kumbadilishia Mzee Rubeni zipu. Nilikuwa naumia nikimwona anapiga magoti kupima suruali ile.

Na sasa nirudi kwenye turubai. Kabla ya chakula, Mzee Rubeni alikuwa amesoma historia ya marehemu, mwandiko ule ule uliolala upande mmoja. Alisoma kwamba Yona alikuwa fundi, alikuwa mpole, alimtumikia Mungu kama shemasi mwaminifu, akapitia kipindi cha majaribu, akashinda. Kipindi cha majaribu. Kana kwamba kilikuja chenyewe, kama mvua za Aprili. Wazee walitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Mama Zaituni hakuwepo kuwasahihisha. Tulimzika miaka mitatu iliyopita. Kwa hiyo nilipochukua gitaa nilikuwa nimeamua kuwapa adhabu. Nisingewapa ule wa godoro, wala wowote ambao kwaya iliutungia zaburi, wasije wakajificha ndani ya zaburi. Nilichagua wa mwisho wa upande wa pili, ambao Papa hakuwahi kuniambia maneno yake na mimi sikuwahi kuyasikia kwa mtu yeyote. Nitaupiga kama alivyonifunza, nikasema moyoni, bila kinywa, wakae na kimya chao.

Nilipiga mzunguko wa kwanza. Mahali pa pumzi ya pili, pale ninapoacha nafasi, mtu aliingia. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, na sikuhitaji kugeuka kumjua. Mama yangu aliimba mstari wote akiwa ameshika sahani. Mama Debora akapokea wa pili. Kisha wakaingia wengine, kutoka viti vya nyuma, kutoka jikoni, wanawake na mikono yao yenye sabuni, wazee na fimbo zao, na ndipo baada ya miaka kumi na minne nikajua wimbo ule unasema nini. Ni wa mgeni aliyekuja kulala siku moja, mvua ikamkalisha wiki nzima, akamaliza kuku wa mwenyeji, na kila kuku ana jina lake. Mzee Rubeni alichukua sauti ya pili, macho yamefumbwa, goti linapiga. Mahali ambapo wanaume wanatakiwa kuitikia jina la kuku, waliitikia. Mchungaji, ambaye sasa naye ana mvi, aliweka kijiko chini na kuwatazama mmoja mmoja, taratibu, mpaka akafika kwa katibu wake, akabaki hapo.

Sikuacha kupiga. Nilipiga nikimngoja hata mmoja ajikwae, agune tu bila maneno mahali fulani, asahau beti, anipe sababu ndogo ya kuamini kwamba mtu anaweza kusahau. Walikuwa na beti nne na majina ya kuku saba, na hawakukosa hata neno moja.